Usingoje Mzazi Alazwe Ndipo Uikumbuke SHA

Leo tuzungumze kuhusu wazazi wetu, na pia kuhusu ninyi mnaokaribia kustaafu. Tangu SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ichukue nafasi ya bima ya zamani ya NHIF hapa Kenya tarehe 1 Oktoba 2024, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Dada, mama nilishamsajili, mbona hospitali inadai pesa?"

Mpenzi, kusajiliwa ni jambo moja na kulipa mchango ni jingine. Mama akishasajiliwa, anatibiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya pili na ya tatu. Lakini akihitaji kulazwa au kupasuliwa katika hospitali kubwa, gharama hulipwa na mfuko wa bima wa SHA uitwao SHIF, na huko lazima mchango wake uwe umelipwa.

Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu hali ya nyumbani kwake, kisha hupangiwa kiasi cha kulipa. Kiwango ni asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, na hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Hulipwa kwa mwaka mzima, kwa hiyo anayelipa kidogo kabisa anahitaji shilingi 3,600. Mkiwa ndugu wanne, hiyo ni shilingi 900 kila mmoja. Jamani, mchango wa harambee ya bili ya hospitali unazidi hapo!

Sasa sikilizeni vizuri. Huwezi kumweka mzazi chini ya jina lako kama unavyomweka mume, mke au mtoto. Mzazi husajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Baba na mama wakiwa pamoja, mmoja huwa mchangiaji na mwenzake huandikwa kama mwenzi wake.

Usajili hufanywa kwa kupiga *147#, au katika Huduma Centre. Ikiwa mzazi hawezi safari, mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini awasaidie. Kaa na mzazi maswali ya hali ya nyumbani yakiulizwa, maana wazee wengine huona haya kusema hawana kitu, na kiasi wanachopangiwa kinategemea majibu hayo. Kuhusu namba ya simu ya kusajilia, tumia laini ambayo mzazi anayo mkononi. Ukiandika namba yako nawe uko Mombasa, ujumbe wa kuthibitisha, ukitumwa, utaingia kwako wakati yeye yuko Kitui dirishani mwa hospitali.

Nanyi mnaostaafu, kumbukeni kwamba mliozoea kukatwa mchango na mwajiri kila mwezi hamtakatwa tena mshahara ukikoma. Kabla hujaaga kazini, hakikisha unajua utaendelea kuchangia vipi, ili usikae hata mwezi mmoja bila bima. Umri huo ndio presha na kisukari hupenda kubisha hodi.

Najua wapo wanaosema watalipa siku mzazi atakapougua. Siku hiyo utakuwa unatafuta gari, damu na nauli, na kichwa hakitatulia. Kwa hiyo leo jioni mpigie mzazi simu, umuulize mambo mawili: umesajiliwa? Mchango wa mwaka huu umelipwa? Likikosekana hata moja, waite ndugu zako mlimalize wiki hii hii.