Sonona: Ugonjwa Unaojificha Nyuma ya Maumivu ya Mwili

Mgonjwa hufika zahanati akilalamikia kichwa, mgongo au kukosa usingizi. Vipimo vya malaria havionyeshi kitu. Akiulizwa zaidi, husema tu, "Ninawaza sana." Huenda ana sonona.

Sonona si huzuni ya kawaida. Huzuni ya kufiwa au kukosa mavuno hupungua polepole. Sonona hudumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku. Mtu hukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, huchoka, hujilaumu, na usingizi au hamu ya chakula hubadilika.

Haina chanzo kimoja. Urithi, mabadiliko katika ubongo, kujifungua, magonjwa kama kisukari na shida za maisha vyote huchangia.

Mitaani, mgonjwa huitwa mvivu au husemekana amerogwa. Mwanamume huambiwa ajikaze. Maombi na jamaa humtia moyo, lakini visichukue nafasi ya matibabu.

Sonona hutibika kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, hivyo asiziache bila kumwona daktari.

Je, ukihofia kwamba mtu anataka kujiua? Muulize waziwazi. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu isiyolipishwa.