Moto Hausafishi Kila Kitu

Mama Mshauri,

Nakuandikia kutoka Kolwezi, komuni ya Manika. Mume wangu alifanya kazi kwenye kampuni ndogo inayohudumia machimbo. Mkataba ulipokwisha hawakumrudisha kazini, tukakaa miezi minne bila mshahara. Ndipo akaanza michopo, biashara ya nyama ya kuchoma. Kila Ijumaa na Jumamosi anachinja mbuzi, anachoma hapa hapa uani chini ya mwembe, na watu wanakuja mpaka viti vinakosekana. Sikatai: mbuzi hao wamelipa shule ya watoto na kodi ya nyumba.

Shida yangu ni pipa. Rafiki yake alimletea pipa la chuma kutoka machimboni, wakalipasua kwa urefu likawa jiko. Ndani lilikuwa na ukoko wa manjano, na karatasi ya nje ilikuwa imebanduliwa. Nikauliza lilibeba nini. Akacheka: "Mama, moto unasafisha kila kitu." Juu yake anatandika wavu wa waya mweupe, ule wa kuzungushia kuku, na kwa kuwa unakatika upesi ananunua mwingine kila juma. Makala anayapuliza kwa feni ya betri mpaka yanang'aa.

Sasa kila Ijumaa usiku anatetemeka, homa inapanda, anasema kinywa kina ladha ya sarafu. Jumamosi usiku inakuwa kidogo. Jumapili kutwa ni mzima. Amepimwa malaria mara mbili, hakuna kitu. Tena mvua ikinyesha anaingiza mbabula, jiko dogo la makala, ndani ya chumba wanacholala watoto, amalizie nyama iliyobaki. Makala yanabaki humo yakipasha nyumba joto.

Nikisema neno, rafiki zake wananijibu kwamba mwanamke ana bukari (ugali) yake, moto wa nyama ni wa wanaume. Mama mkwe anasema nataka mtoto wake akose kazi mara ya pili. Je, ninakosea? Nimwambieje?

Mama wa Watatu, Kolwezi

*

Mama wa Watatu,

Hukosei. Ila nitakujibu nikianza na jambo uliloliweka mwisho, maana hilo ndilo linaloweza kuua usiku wa leo.

Mbabula isilale ndani. Makala yanayofifia hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Inashika damu mahali pa oksijeni, na aliye usingizini hapati hata nafasi ya kuamka. Watu hudhani makala yakishaacha kutoa moshi yamekuwa salama. Hapo ndipo yanapodanganya. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Mvua za huko kwenu Lualaba ni za miezi mingi, basi mjenge paa la mabati manne juu ya nguzo, bila kuta, moto ukae chini yake. Na mtoto akiamka kichwa kinamuuma, anatapika, analegea, mtoe nje kwanza, kisha mkimbilie hospitali. Jambo hili usilifanyie kikao. Toa mbabula nje, funga mlango, lala. Hakuna bibi atakayekugombeza kwa kuwalinda wajukuu wake.

Sasa homa. Mimi si daktari, lakini barua yako imeeleza ugonjwa huu vizuri kuliko ulivyodhani. Waya mweupe wa kuku umepakwa zinki ili usishike kutu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na kuchemka kwenye nyuzi 907. Makala yaliyotulia kwenye mbabula hayafiki huko kirahisi. Yakipulizwa na feni yanafika, kwani ndivyo mhunzi anavyopata moto wa kulainisha chuma. Mvuke wa zinki ukikutana na hewa unageuka moshi mweupe, na anayeuvuta anapata homa ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma wanaijua sana: kutetemeka saa chache baada ya kazi, kiu, ladha ya chuma kinywani, kisha nafuu ndani ya siku moja au mbili. Ina ajabu moja. Mwili huizoea siku ya pili, ukipumzika unaisahau, halafu inarudi na nguvu zake zote. Ndiyo maana katika viwanda vya ng'ambo iliitwa homa ya Jumatatu. Kwa mume wako Jumatatu imeangukia Ijumaa.

Arudi kituo cha afya, na safari hii amweleze daktari habari ya waya na feni. Asipotaja hayo, atapimwa malaria mara ya tatu. Na malaria iendelee kupimwa kila homa ikija, kwa sababu mtu anaweza kuwa na zote mbili.

Tuje kwenye pipa. Viwanda vya shaba na kobalti vinavyoizunguka Kolwezi hutumia asidi ya salfa, viyeyusho, mafuta ya mitambo, na dawa za kutenganisha madini na mawe kwenye mapovu. Mojawapo ya dawa hizo ni zanthati. Rangi yake huelekea manjano, huweza kuja katika mapipa ya chuma, na ikipata joto hutoa disulfidi ya kaboni, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Sisemi pipa lenu lilibeba hiyo. Nasema karatasi iliyobanduliwa ndiyo iliyokuwa cheti chake, na pipa lisilo na cheti halipikii watu. Nanyi msilitumie kuwekea maji, wala msimpe jirani. Litobolewe matundu makubwa, lisipikiwe wala kuwekewa kitu tena.

Sasa swali lako gumu: umwambieje mume wako? Usianze na sumu. Mtu aliyekosa kazi akisikia kwamba na kazi yake ya pili ni mbaya, masikio yanajifunga. Anza na sifa, kwa sababu anastahili: ameuzima umaskini wa miezi minne kwa mikono yake. Kisha muulize swali la mtu wa machimbo: "Baba, jiwe likiingia kwenye tanuri, shaba inakwenda wapi?"

Ngoja ajibu. Atakuambia inabaki, ndiyo maana tanuri lipo. Wazee wa nchi hii walilijua hilo kabla kampuni ya madini ya Union Minière haijaanzishwa mwaka 1906. Wale walioitwa walaji wa shaba, Wasanga na Wayeke wakiwemo, walijaza malakiti na makala ndani ya tanuri la udongo, wakavuta mivukuto, na shaba ikatiririka wakaimimina kuwa misalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali: ilinunua bidhaa, ililipa mahari. Moto haukuila shaba, uliitoa kwenye jiwe. Basi uchafu wa madini ulio kwenye pipa hauliwi na moto wa michopo. Moto huua vijidudu vya nyama. Madini hauyaui, unayahamisha tu, na juu ya pipa lenu hakuna pa kuhamia ila kwenye nyama na kwenye pua ya mchomaji. Mume wako hatakuwa ameshindwa na mke wake. Atakuwa amejibiwa na ujuzi wake mwenyewe.

Akikubali, mpe kitu mkononi, asibaki na pengo. Nendeni kwa fundi wa kuchomelea, awatengenezee jiko la bati nene la chuma cheusi, kisichopakwa zinki. Zinki utaitambua kwa rangi yake ya kijivu cheupe inayometa, mara nyingi yenye michoro kama maua. Kama fedha haitoshi, rimu ya chuma ya gari inafaa kwa kuanzia. Rimu ya alumini hapana, inalainika motoni. Wavu uwe wa nondo nyembamba tupu zilizochomelewa sambamba. Utadumu miaka, na fedha ya waya ya kila juma itabaki mfukoni. Kabla ya nyama ya kwanza, jiko jipya liwashwe moto mkali likiwa tupu, nje, watu wakiwa mbali, mpaka rangi na mafuta ya kiwandani yaishe. Mkipata pipa mnalojua kwa hakika lilibeba mafuta ya kula, linafaa kwa masharti hayo hayo. Lakini lisikatwe kwa moto kabla ya kuoshwa na kujazwa maji, kwani mvuke uliobaki ndani ya pipa hulipuka, na fundi hupoteza uso au uhai.

Feni nayo ipumzike. Nyama ya mbuzi haitaki moto wa mhunzi. Makala yasukumwe upande mmoja wa jiko, upande wa pili ubaki mtupu. Yakishavaa majivu meupe, paja na mbavu ziwekwe upande usio na makala, zifunikwe, ziive polepole mpaka mfupa uanze kuachia. Hapo ndipo zihamie juu ya makala kwa dakika chache, zipate rangi. Mafuta yanayodondoka kwenye makala ndiyo yanayoleta moshi mweusi, na moshi huo hubandika kwenye nyama kemikali zinazohusishwa na saratani. Kwa njia hii mafuta hayadondoki sana motoni, majirani hawakohoi, na gunia la makala linakaa siku nyingi zaidi. Misitu ya miombo inayotupa makala hayo inazidi kusogea mbali na miji yetu, kwa hiyo akiba hiyo si ya mfuko wenu peke yake. Na moto usiwashwe kwa matairi, plastiki, mbao zilizopakwa rangi, wala mataruma ya reli. Mataruma ya mbao hutiwa dawa ya lami ili yasioze, na dawa hiyo haikuumbwa iliwe.

Kuna na vumbi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yao kuhusu Kasulo, mtaa wa mji wenu ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mikojo ya wakazi, na kwa watoto ilizidi. Vumbi hilo linapita kwenye nyua zetu sote. Basi nyama ikatwe juu ya meza iliyooshwa, ifunikwe, isikae kando ya barabara ya malori. Mteja apewe nyama yake kwenye sahani au karatasi safi, si kwenye mfuko wa simenti. Kabla ya kuila, anawe mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni. Weka ndoo yenye bomba chini ya ule mwembe. Hiyo ni kazi yako, na hakuna mwanaume atakayesema unaingilia moto.

Kwa mama mkwe, usibishane. Mwandalie kiti siku ya jiko jipya, na kipande cha kwanza cha paja kiwe chake.

Na ninyi wasomaji wengine wenye pipa uani, huko Kolwezi, Likasi, Fungurume na kwingineko, kabla ya kutia makala tafuteni karatasi yake. Kama imebanduliwa, pipa hilo si jiko.

Mama Mshauri