Somo la Mwezi: Mbegu Zetu na Afya ya Moyo



Lengo la somo: Kujua mbegu tunazolima na kununua zinausaidia moyo namna gani, na mahali ambapo msaada huo unakoma.

Somo hili lilianza na mama mmoja wa kikundi cha huku bondeni, si mbali na Voi. Yeye ni mgonjwa wa presha. Siku moja sokoni mchuuzi alimwambia kwamba konzi ya simsim kila asubuhi husafisha mishipa yote, na tembe za hospitali hazina kazi tena. Mama akanunua pakiti kwa bei ya juu, akaacha tembe miezi miwili. Tulipompeleka zahanati, presha ilikuwa imepanda vibaya sana. Tunamshukuru Mungu yu hai. Lakini wacha tuulizane: yule mchuuzi alidanganya kabisa, ama kulikuwa na ukweli kidogo ndani yake?

1. Ukweli uko wapi?

Katika damu yetu kuna mafuta yanayoitwa kolesteroli. Mwili unayahitaji, na ini hutengeneza mengi yake. Yakizidi, hujibandika ndani ya mishipa kama masizi ndani ya bomba la moshi. Njia ya damu huwa nyembamba, na mtu anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi. Ubaya wake ni kwamba hayaumi. Huwezi kujua mpaka damu ipimwe.

Mimea nayo ina kitu kinachofanana sana na kolesteroli. Kinaitwa steroli, na kiko kwa wingi kwenye mbegu. Sasa fikiria matatu ya Voi kwenda Wundanyi yenye viti 14. Abiria wa steroli wakiwahi viti, kolesteroli hubaki steji. Ndivyo inavyokuwa ndani ya utumbo: steroli huchukua nafasi, na kolesteroli isiyopata nafasi hutoka na choo badala ya kuingia kwenye damu.

2. Ni kiasi gani?

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya aina 27 za njugu na mbegu. Simsim ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza, ikiwa na miligramu 400 hivi za steroli katika gramu 100. Alizeti ilikuwa na karibu miligramu 270.

Sasa tupige hesabu pamoja. Ili kolesteroli mbaya ishuke kwa kiasi cha asilimia 8 hadi 10, mtu anahitaji karibu gramu 2 za steroli kila siku, yaani miligramu 2,000. Kwa simsim peke yake ni nusu kilo kwa siku! Nani ataimaliza? Na akiimaliza, atanenepa, maana simsim ina mafuta mengi. Ndiyo sababu kule Ufini, mwaka 1995, walianza kuuza siagi ya mimea iliyoongezwa kitu cha jamii hii kiwandani. Vijiko vitatu vya simsim, kama gramu 30, vinakupa miligramu 120 tu.

Kwa hiyo mchuuzi alichukua ukweli mdogo akaufanya dawa. Tena kolesteroli na presha ni vitu viwili tofauti. Tembe za presha zina kazi yake, na simsim haiwezi kuzibadilisha.

3. Basi mbegu zina faida gani?

Zina faida, hasa zikichukua nafasi ya vyakula vinavyoumiza moyo. Simsim, alizeti, njugu karanga na mbegu za malenge zina mafuta mazuri. Pojo, kunde, mbaazi na maharagwe zina nyuzinyuzi ambazo nazo hupunguza kolesteroli. Kimanga chetu cha maharagwe ni chakula cha heshima, si chakula cha shida.

Fanyeni hivi:
– Mafuta ya kupikia yanayoganda yapunguzwe. Tumia mafuta ya maji, kama ya alizeti, na uyapime kwa kijiko badala ya kumimina.
– Twanga simsim au njugu, utie kwenye mboga za majani badala ya kuongeza mafuta.
– Kaanga mbegu kavu bila chumvi. Chumvi nyingi hupandisha presha.
– Konzi moja kwa siku yatosha.

4. Tahadhari

– Njugu yenye kuvu au iliyobadilika rangi usile wala usiuze. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao kwa jirani zetu wa Ukambani. Anikeni mbegu juu ya turubai, zikauke vizuri kabla ya kutiwa ghalani.
– Mtoto mdogo asipewe njugu nzima, inaweza kumkaba. Mpe iliyotwangwa.
– Kuna watu ambao njugu au simsim huwadhuru: huvimba au hushindwa kupumua. Hao waziache, na hali hiyo ikitokea wakimbizwe hospitali.
– Asiacha mtu dawa bila daktari kumwambia.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumbani kwetu, chupa au mkebe wa mafuta huisha kwa siku ngapi?
2. Ni mbegu gani tunazouza zote bila kubakisha za watoto?
3. Kati yetu, nani hajapimwa presha mwaka huu? Tutakwenda lini pamoja?
4. Mchuuzi wa dawa akija kwenye mkutano wetu, tutamwuliza nini?

Yule mama amerudia tembe zake. Simsim bado anakula, lakini sasa anaitia kwenye mchicha, na mwenzake wa kikundi humkumbusha siku ya kliniki. Nyinyi nanyi mkumbushane hivyo hivyo.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.