Mkanda wa Kamera na Afya ya Shingo na Bega

Mpiga picha za harusi huweza kufanya kazi tangu mchana hadi usiku wa manane huku kamera ikining'inia shingoni. Kamera ya kitaalamu pamoja na lenzi ndefu huweza kufikia kilo 2 hadi 3. Uzito huo ni mdogo ukilinganishwa na ndoo ya maji. Madhara yake hutokana na mahali unapokandamiza na muda unaodumu hapo.

Madhara yanavyotokea

Mkanda ukivaliwa shingoni, misuli ya nyuma ya shingo hukaza muda wote ili kichwa kisivutwe mbele. Ukitundikwa kwenye bega moja, mvaaji hulipandisha bega hilo bila kujitambua ili mkanda usiteleze. Aidha, neva ziendazo mkononi hutoka shingoni na kupita chini ya mtulinga, na mzigo unaolemea bega huweza kuzibana au kuzivuta. Upana wa mkanda nao una umuhimu: kwa uzito uleule, mkanda wa sentimita 1 hukandamiza takriban mara 5 zaidi ya ule wa sentimita 5.

Kuchagua mkanda

- Sehemu inayokaa begani iwe pana, yenye sponji thabiti, na isiteleze.
- Mkanda uvaliwe kukingama kifua, kamera ikikaa karibu na nyonga ya upande wa pili.
- Mwenye kamera mbili atumie mikanda ya mabega yote mawili.
- Lenzi nyingi zibebwe katika begi la mgongoni lenye mshipi wa kiunoni, ambao huhamishia sehemu ya uzito kwenye nyonga.
- Kabla ya kununua, mkanda ujaribiwe kwa dakika kadhaa ukiwa na kamera yenyewe.

Hata hivyo, mkanda bora haupunguzi uzito, huusambaza tu. Lenzi isiyohitajika iachwe, bega libadilishwe mara kwa mara, na kamera itulizwe mezani kila nafasi ipatikanapo.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Uchovu unaoisha baada ya usingizi si wa kutia hofu. Lakini ganzi au mchomo vidoleni, mkono kukosa nguvu, au kombe la bega kutokeza nyuma huashiria kwamba huenda neva imeathirika. Hali kama hiyo inafahamika miongoni mwa askari wabebao mabegi mazito. Mgonjwa avue mzigo na afike kituo cha afya mapema.

Mhudumu wa afya naye asiishie kutoa dawa ya maumivu. Amuulize mgonjwa hubeba nini, kwa bega lipi na kwa saa ngapi, kisha apime nguvu na hisia za mikono yote miwili. Maumivu ya bega au mkono yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho jingi au kukosa pumzi yasisingiziwe mkanda: huenda ni moyo, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.