Taa ya barabarani imulike barabara

Usiku, msafiri huuona mji kabla hajaufikia: mng'ao umetanda juu yake. Huo ni mwanga uliokusudiwa barabara ukaishia angani, ukazifuta nyota kwa umeme uliokwisha kulipiwa. Ndio uchafuzi wa mwanga, nao hutegemea taa tunazochagua.

Zebaki. Mwanga wake ni mweupe wenye buluu. Hula umeme mwingi na ina sumu; Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza taa hizi.

Sodiamu. Ya shinikizo la chini hutoa karibu rangi moja tu ya manjano, hivyo wanaastronomia huichuja kwa urahisi, ila chini yake nguo nyekundu na ya kijani hazitofautiki. Ya shinikizo la juu, yenye rangi ya chungwa, huonyesha rangi kidogo zaidi.

LED. Hutumia umeme kidogo, na ni rahisi kuielekeza na kuipunguza mwanga. Tatizo ni LED nyeupe kali: buluu yake hutawanyika sana hewani, kama inavyofanya mbingu ya mchana ionekane buluu.

Tucson, mji wa Marekani uliozungukwa na vituo vya kutazamia nyota, ulibadili takriban taa 18,000 za sodiamu kuwa LED za 3000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikiwa ndogo, buluu hupungua) mwaka 2016 na 2017. Ulipunguza pia jumla ya mwanga kwa zaidi ya nusu, na mng'ao wa anga ukapungua.

Pwani kuna sababu nyingine ya kudhibiti mwanga. Vitoto vya kasa hutambaa kuelekea upeo wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa za ufukweni huvipoteza vikaenda nchi kavu kufa.

Kabla ya kufunga taa, ya mtaa au ya uani, angalia:

1. Umbo: iwe na kifuniko na itazame chini, ukiwa mbali usiione balbu.
2. Rangi: 3000 K au chini; karibu na fukwe za kasa, rangi ya kaharabu.
3. Kiasi: linganisha lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka. Wati hueleza umeme unaoliwa tu.
4. Muda: tumia kihisi, au punguza mwanga usiku wa manane.

Usidhani ukali ndio usalama. Taa inayochoma macho humpofusha mpita njia, na aliyejificha kivulini haonekani. Kama ya mtaani kwenu imeinuliwa juu, ombeni fundi aiinamishe. Kazi hiyo haihitaji taa mpya.