Chakula, Usingizi na Moyo Mzito: Je, Tununue Tembe?

Somo letu la leo limetokana na swali ambalo tumeulizwa mara nyingi katika vikundi vya akina mama na vya vijana, kutoka Shinyalu mpaka Mumias. Watu hawalali. Mtu anashikwa na usingizi saa tatu, saa nane yuko macho, anahesabu mabati mpaka jogoo awike. Mchana moyo ni mzito na jembe halina ladha. Halafu anatokea mtu na kopo la tembe, anasema ndani yake mna asidi amino za kuleta usingizi na furaha. Bei yake ni gorogoro kadhaa za maharagwe. Je, tununue?

Kwanza tuelewe hilo neno. Ukila maharagwe, nyama au omena, mwili hauchukui protini hiyo na kuibandika kama ilivyo. Tumbo huibomoa, kama fundi anayebomoa nyumba kuukuu ili apate matofali ya kujenga nyingine. Matofali hayo ndiyo asidi amino. Kuna aina 20, na kati yake 9 mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea hata kidogo. Lazima zitoke kwenye sahani. Moja ya hizo 9 inaitwa triptofani.

Ubongo hutumia triptofani kutengeneza serotonini, ambayo inahusika na hali ya moyo. Giza likiingia, kutokana na serotonini hiyo hutengenezwa melatonini, inayouambia mwili kwamba sasa ni usiku. Basi muuza tembe hajadanganya kila kitu. Ila ameruka hatua nyingi. Ni sehemu ndogo sana ya triptofani tunayokula ambayo hugeuka serotonini. Nyingine huenda kwenye kazi tofauti, mojawapo ikiwa kutengeneza niasini, yaani vitamini B3. Tena kuingia ubongoni si rahisi: triptofani hugombania mlango na asidi amino nyingine, kama abiria wanaogombania matatu moja ya jioni stendi ya Kakamega. Na hata ikiingia, kazi haifanyiki bila madini ya chuma na vitamini B6.

Wataalamu wamejaribu kuwapa watu kinywaji kisicho na triptofani. Wengi wa wale waliowahi kuugua ugonjwa wa huzuni walirudiwa na huzuni kwa saa chache. Wale ambao hawajawahi kuugua, wengi hawakuona tofauti kubwa. Kwa hivyo kupungukiwa kunaweza kumdhuru mtu, lakini hilo halina maana kwamba ukiongeza juu ya kinachotosha utapata furaha ya ziada. Debe likijaa limejaa.

Sasa tutazame sahani zetu, maana hapo ndipo penye maneno. Sisi watu wa huku tunasema usipokula obusuma hujala. Sawa, lakini mahindi ya kawaida yana upungufu wa asidi amino mbili: laisini na triptofani. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu miligramu 240 za triptofani kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama miligramu 60 tu. Gramu 100 za maharagwe makavu zina karibu 250, na njugu karanga ni hivyo hivyo. Yai moja lina kama 80. Omena waliokauka wanapita hao wote, kwa uzito ule ule. Mtu anayekula ugali na sukuma wiki asubuhi hadi usiku, na chai ya strungi katikati, anaweza kushiba kabisa na bado akapungukiwa. Hali hii tunaiona hata katika nyumba zenye shamba kubwa la miwa: pesa ya miwa inakuja mara moja baada ya miezi mingi, na maharagwe hayapandwi kwa sababu miwa imemaliza nafasi.

Upungufu ukizidi na niasini ikakosekana, mtu hupata pelagra. Ngozi inayopigwa na jua, yaani shingo, mikono na miguu, inakuwa nyeusi na kubambuka. Tumbo linahara. Usingizi unapotea, mtu anakuwa na huzuni na hasira, na mwishowe akili inachanganyika. Huko Marekani ya kusini ugonjwa huu uliua maelfu ya maskini waliokula mahindi karibu kila siku. Wengi walidhani ni wa kuambukiza, mpaka daktari Joseph Goldberger alipoonyesha, kuanzia mwaka wa 1914, kwamba ni suala la chakula. Karibu na kwetu, mwaka wa 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra zaidi ya watu 17,000. Chakula cha msaada kilikuwa mahindi, na mgao wa njugu karanga ulikuwa umekatizwa. Njugu tu, jamani. Hapakuhitajika kitu cha ajabu.

Pia kumbuka habari ya tembe zenyewe. Mwaka wa 1989, huko Marekani, watu waliokuwa wakimeza triptofani kwa ajili ya usingizi walianza kuugua maumivu makali ya misuli. Zaidi ya 1,500 waliugua na wasiopungua 37 walikufa. Ilionekana kwamba wengi walimeza tembe zilizotoka kwa mtengenezaji mmoja wa Japani, na uchafu ulikuwa umeingia humo. Kisha kuna hatari nyingine, na hii ni ya leo: mtu anayetumia dawa ya huzuni ya hospitali akichanganya na tembe za triptofani, serotonini inaweza kupanda kupita kiasi, akatetemeka, akapata homa na hata kupoteza maisha. Muuzaji wa barabarani hatakuuliza unatumia dawa gani. Maharagwe hayana shida hiyo.

Basi tufanyeje? Mababu walikuwa na jibu kwenye chungu: mahenjera. Maharagwe yana laisini na triptofani ambazo mahindi yamepungukiwa, na mahindi yana methionini ambayo maharagwe yamepungukiwa. Kila mmoja anamfunika mwenzake. Kipimo kizuri ni gorogoro mbili za mahindi kwa moja ya maharagwe. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha hadi yaive kabisa, maana maharagwe mabichi yana sumu. Kama ni ugali, basi kando yake pawe na kunde, ndengu, njugu mawe au omena. Wimbi nao una triptofani nyingi kuliko mahindi katika protini yake, kwa hivyo uji wa wimbi tusiuachie watoto na waliojifungua peke yao. Na msimu wa tsiswa ukifika, okota. Tunashangaa vijana wanaoona aya kula kumbikumbi halafu wananunua kopo la protini mjini.

Kuna pia mahindi yaliyozalishwa kwa njia ya kawaida ili yawe na laisini na triptofani karibu mara mbili. Wataalamu wawili wa kazi hiyo, Surinder Vasal na Evangelina Villegas, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 2000. Ukitaka kujua mbegu inayofaa huku, uliza kituo cha KALRO hapa Kakamega. Lakini ujue kwamba kwa macho hutaitofautisha na mahindi mengine, na chavua ya shamba la jirani ikiingia, ubora unapungua. Afadhali majirani wakubaliane wapande pamoja.

Chakula hakitaondoa kila usiku wa macho. Strungi ya saa mbili usiku inazuia usingizi, na ile inayonywewa pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma mwilini. Pombe inamlaza mtu haraka na kumwamsha usiku wa manane. Deni, msiba na ugomvi wa mpaka wa shamba navyo haviponywi na omena. Moyo ukiwa mzito kwa wiki mbili mfululizo, au mtu akianza kusema afadhali afe, msimwache peke yake, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huo ni ugonjwa kama malaria, na una matibabu.

Neno moja kwa wale wanaotibiwa kifua kikuu. Dawa iitwayo isoniazidi humaliza vitamini B6 mwilini, na kwa mtu asiyekula vizuri inaweza hata kuleta pelagra. Ndiyo sababu kliniki hutoa tembe ndogo za piridoksini pamoja nayo. Hizo ni tembe za kumeza bila mashaka. Kama hukupewa, usiondoke dirishani kabla hujamwuliza muuguzi.