Somo: Tusimvue Maskini Heshima Yake

Mwezi wa Oktoba 1984 Waingereza walionyeshwa picha za watu waliokuwa wakifa njaa huko Korem, nchi ya Ethiopia, nao wakatoa fedha nyingi. Tendo hilo lilikuwa jema. Lakini wimbo uliouzwa kwa ajili ya msaada huo uliuliza kama watu wale wanajua kuwa ni Krismasi. Kumbe, Ethiopia ilikuwa na Kanisa tangu karne ya 4! Tena picha ya mtoto aliyekonda haikuweza kueleza vita vilivyozidisha njaa ile. Basi sisi tunaowaombea maskini msaada, tutaje na sababu za shida yao, wala tusiwaaibishe.

Swali: Kama picha ile ingekuwa ya mama yetu, je, tungeridhika ionyeshwe?